Profesa Jung: mtaalamu wa nafsi aliyepita Changamwe akitafuta ndoto

Tukihesabu wageni wenye majina makubwa waliowahi kutia nanga Mombasa, hatukosi kumtaja Ibn Battuta wa mwaka 1331, wala Vasco da Gama wa mwaka 1498 ambaye mji ulimpokea kwa inda na yeye akaondoka kwa kinyongo. Lakini Profesa Carl Gustav Jung, Mswisi aliyeshuka hapa mwezi wa Novemba 1925, nadra kumsikia akitajwa. Alikaa siku mbili tu. Jioni ya siku ya pili alipanda treni, akavuka Makupa, akapita Changamwe na kushika njia ya bara.

Namwandika leo kwa kuwa elimu yake, elimu ya nafsi ambayo siku hizi yaitwa saikolojia, yasomeshwa katika vyuo vikuu vyetu, na watoto wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni miongoni mwa wanaoisoma. Hulikuta jina lake vitabuni wakadhani ni mtu wa mbali asiyetuhusu ndewe wala sikio. Nami naona atuhusu, tena kwa jambo ambalo Mwislamu wa pwani ana haki ya kulipima mwenyewe: bwana huyu alikuja Afrika kumtafuta mtu asiyekuwa na kitabu, na aliyemfunza jambo likamkaa moyoni hata uzeeni alikuwa ni mtu wa Qur'ani.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, kando ya ziwa la Constance, huko Uswisi. Babu yake mzaa baba, ambaye ndiye somo yake, alikuwa profesa wa utabibu katika Chuo Kikuu cha Basel. Babu mzaa mama, Samuel Preiswerk, alikuwa mkuu wa makasisi wa Basel na bingwa wa Kiebrania. Baba mtu, Paul Jung, alikuwa kasisi wa kijiji, lakini katika ujana wake alikuwa amesoma lugha za mashariki, na tasnifu yake ya chuo kikuu ilihusu maandiko ya Kiarabu. Baada ya hapo elimu ile aliiweka kapuni, akawa mtu wa ibada za Jumapili na maziko. Mwanawe alimwona tangu utotoni kuwa ni mtu anayewahubiria wengine imani ambayo yeye mwenyewe ilikuwa imemponyoka, na kila alipomwuliza swali la dini aliambiwa aamini tu, asiulize. Mimi nadhani maisha yote ya Jung ni jawabu la swali lile alilonyimwa nyumbani.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka 1896, kijana akiwa amekwisha kuingia Chuo Kikuu cha Basel kusomea udaktari. Nyumba ilibaki mikono mitupu. Alimaliza masomo kwa kukopa kwa jamaa, akatoka na shahada pamoja na deni la faranga 3,000. Walimu wake walimtaka ashike utabibu wa maradhi ya ndani, kazi yenye heshima na chumo. Lakini alipokuwa akijitayarisha kwa mtihani wa mwisho alifungua kitabu cha maradhi ya akili, fani iliyodharauliwa na madaktari wa siku zile, na kwa kurasa chache tu moyo ukaanza kumwenda mbio. Papo hapo akaamua. Wenzake walimwona mpumbavu.

Mwezi wa Disemba 1900 aliingia kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zurich, chini ya Profesa Eugen Bleuler. Wakati ule desturi ya madaktari ilikuwa kumtazama mgonjwa, kuandika jina la ugonjwa wake na kufunga mlango. Anayosema mgonjwa hayakuwa na maana. Mwenda wazimu husema lolote. Jung akakaa kitako na kusikiliza. Palikuwa na bibi kizee aliyelala kitandani miaka mingi, hasemi, na mikono yake ikicheza mchezo mmoja usiokwisha, inakwenda na kurudi. Hakuna aliyejua ni nini. Alipokufa na ndugu yake akaja kumzika, Jung alimwuliza dada huyu alirukwa na akili kwa sababu gani. Akaambiwa kwamba katika ujana wake alimpenda fundi viatu, na fundi yule akakataa kumwoa. Hapo ndipo alipofahamu: ile mikono ilikuwa ikishona viatu.

Kisa hiki nakipenda kuliko nadharia zake zote. Sisi tunaokaa upande wa Changamwe twaijua hospitali ya Port Reitz na jengo lake la wagonjwa wa akili, na twajua pia jinsi mtu akishapelekwa huko jirani wanavyoacha kuyasikiliza maneno yake, hata akiwa amerudi nyumbani na akili zake timamu.

Huko Burghölzli ndiko alikofanya majaribio yaliyomtia katika safu ya walimu wa chuo kikuu. Jambo lenyewe ni jepesi. Mtu huwekwa kitini, akasomewa maneno 100 moja moja: maji, mlango, mama, fedha. Kila asikiapo neno, hutakiwa ajibu kwa neno la kwanza linalomjia, na mtaalamu ameshika saa mkononi. Maneno mengi hujibiwa upesi. Ghafla likatajwa neno moja, mtu akakawia, au akacheka pasipo chekesho, au akalisahau neno lenyewe. Jung alifahamu kwamba pale pana kitu. Wataalamu walikipa jina la kikwao, lakini Kiswahili kimetangulia kuwa nalo jina: ni fundo, fundo la moyoni, ambalo mwenyewe huenda hajui kama analo. Kwa kazi hii, pamoja na tasnifu aliyokuwa ameitoa mwaka 1902, alifanywa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 1905. Alikuwa na miaka 30. Miaka miwili kabla yake, 1903, alimwoa Emma Rauschenbach, binti wa nyumba ya matajiri, wakajaaliwa watoto watano, na taabu ya fedha ikawa imekwisha.

Majaribio hayo ndiyo yaliyompeleka kwa Sigmund Freud. Walipokutana mara ya kwanza huko Vienna, mwaka 1907, walizungumza saa 13 kwa pigo moja. Freud, aliyemzidi miaka 19, akamwona kuwa ni mwana na mrithi. Mwaka 1909 walisafiri pamoja hadi Marekani kuhutubia katika Chuo Kikuu cha Clark. Lakini urafiki wa mwalimu na mwanafunzi una kikomo chake. Freud alishikilia kuwa mzizi wa maradhi ya nafsi ni matamanio ya kimwili yaliyozuiliwa; Jung akasema mwanadamu ni mpana kuliko hivyo, na kwamba dini si ugonjwa bali ni haja ya nafsi kama chakula kilivyo haja ya mwili. Mwaka 1913 wakavunja uhusiano. Karibu na wakati uo huo Jung akaacha hata kusomesha chuo kikuu. Alisema hawezi kuwafunza vijana jambo ambalo yeye mwenyewe lilikuwa bado linamchafukia kichwani. Sijui ni maprofesa wangapi wa leo wangeuacha mshahara kwa sababu kama hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Aliandamwa na ndoto na maono, akayaandika yote na kuyachora, huku akiendelea kupokea wagonjwa nyumbani kwake Küsnacht, kando ya ziwa la Zurich. Kutoka humo alikuja na fikira ambayo ndiyo iliyomfanya asafiri: kwamba chini ya kumbukumbu za kila mmoja wetu pana akiba nyingine ya picha na hadithi ambayo ni ya wanadamu wote, nayo hujitokeza katika ndoto na dini za watu wa kila kabila. Kama ni ya wote, haikufaa kuipima kwa Wazungu peke yao.

Safari ya kwanza, mwaka 1920, ilimpeleka Tunisia na Algeria. Kabla ya kuondoka Tunis aliota kwamba yumo katika mji wa Kiarabu wenye boma, na kijana mmoja wa kifalme akatoka akapambana naye hata wote wawili wakaanguka majini. Mwisho wa ndoto walikuwa wamekaa chumbani, na mbele yao pana kitabu cha hati nzuri ajabu, Jung akimlazimisha kijana yule akisome. Wasomaji wangu waliosoma vyuoni watatambua ajabu ya ndoto hii: Mzungu anamlazimisha Mwarabu asome!

Mwaka 1925 alikwenda London kuona yale maonyesho makubwa ya makoloni ya Kiingereza pale Wembley, na aliyoyaona yakamtia hamu ya kuja huku kwetu. Serikali ya Kiingereza ilimpa ruhusa na kuipa safari yake jina la fahari, msafara wa elimu ya nafsi wa Bugishu, ingawa msafara wenyewe ulikuwa ni wanaume watatu tu: yeye, Mwingereza Baynes na Mmarekani Beckwith. Mwezi wa Oktoba waliondoka Uingereza kwa meli iitwayo Wangoni. Humo melini walikutana na binti wa Kiingereza, Ruth Bailey, aliyekuwa akimsindikiza ndugu yake wa kike aliyekuja Kenya kuolewa. Naomba msomaji alishike jina hilo la Ruth, tutalihitaji.

Tarehe 12 Novemba meli ikawasili Mombasa. Yeyote anayeingia Kilindini kwa bahari huiona Likoni mkono wa kushoto na kisiwa mkono wa kulia, na siku zile pande zote mbili zilikuwa kijani kitupu. Jung alikumbuka minazi na miembe, joto la unyevu, Wazungu, Wahindi na Waafrika, na ile Ngome ya Wareno. Basi. Mtaalamu wa ndoto alikuwa katika mji ambao takriban kila mtaa ulikuwa na msikiti, chuo cha Qur'ani, na mzee wa kumwendea asubuhi umweleze ulichoota. Mji huu ulikuwa na mtu kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 34 na baadaye alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu mwaka 1937. Wanazuoni wetu wamekuwa wakisomesha karne na karne kwamba ndoto ni za namna tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi na yenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo Ulaya ilikuwa ikiisherehekea kama uvumbuzi mpya. Lau angelikaa juma moja, akavuka kwenda Kisauni au akaketi barazani Mji wa Kale baada ya alasiri, angelipata watu wa kusemezana naye. Lakini hakuwa akitafuta watu kama hao. Alimtaka mtu wa kale, ambaye hajaguswa, na Mswahili kwake alikuwa ameguswa mno.

Jioni wakapanda treni. Njia ya reli ilivuka Makupa kwa daraja, kisha ikapanda kuelekea Changamwe, Miritini na Mazeras, na anayetazama nyuma kutoka kilima cha Changamwe huona kisiwa chote kimekaa majini kama sinia. Usiku ukawafunika upesi, wakalala. Alfajiri, jua la kwanza likamwamsha. Treni ilikuwa ikipita katikati ya vumbi jekundu, na juu ya jabali alisimama mtu mmoja mwembamba mweusi, ameegemea mkuki mrefu, akiwatazama. Kwa Jung mandhari ile ilikuwa ngeni kabisa, na hata hivyo akahisi kwamba anairejea nchi ya ujana wake, na kuwa mtu yule amekuwa akimngojea miaka 5,000. Hisia hiyo haikumtoka katika safari yote. Mtu wa mkuki naye alimwonaje? Pengine aliiona treni tu, kama ipitavyo kila siku.

Kutoka Nairobi walitembelea mbuga za Athi. Jung akajitenga na wenzake hata asiwaone, akasimama peke yake akiangalia makundi ya wanyama yakilisha kimya hadi upeo wa macho. Ndipo ikamjia kwamba dunia iliyokuwa haionwi na mtu ni kama dunia isiyokuwapo, na kwamba kazi ya binadamu ni kuiona na kuitambua. Baadaye aliifanya fikira hiyo nguzo ya mafunzo yake. Reli ya Uganda ilikuwa bado yajengwa, na ilipoishia walishuka katika kituo ambacho Jung alikiandika Sigistifour, maana namba yake ya Kiingereza, 64, ndivyo ilivyotamkwa na wenyeji. Hapo mzee wa Kiingereza aliyeishi Afrika miaka mingi alimpa wasia wa bure: kwamba hii si nchi ya mwanadamu, ni nchi ya Mungu, kwa hiyo likitokea lolote akae kitako asihangaike.

Walipita Kakamega, wakaenda kwa miguu hadi Mlima Elgon, wakapiga kambi kwa Wasabaoti majuma kadhaa. Lugha ya mazungumzo ilikuwa Kiswahili. Jung alikuwa amejifunza kidogo, akajisaidia kwa kamusi, na kila asubuhi alifungua kikao kwa neno shauri. Wazee walikaa naye kiasi cha saa moja, kisha husema wamechoka. Siku moja akataja mizimu, na papo hapo baraza ikanyamaza. Kila mtu akageuza uso, kikao kikavunjika. Aliona pia jinsi watu wale walivyotoka kila alfajiri, wakatema mate viganjani na kuviinua kulielekea jua linapochomoza. Aliwauliza maana yake, wakamjibu kwamba ndivyo ilivyofanywa sikuzote.

Lakini alilolifuata hasa ni ndoto, na wao wote walisema hawaoti. Hatimaye akaletewa mganga wao mkuu, laiboni, mzee aliyevaa joho zuri la ngozi za kima. Jung akamwuliza juu ya ndoto zake. Machozi yakamlenga mzee. Akaeleza kuwa zamani malaiboni waliota, wakajua kama vita vinakuja au maradhi, kama mvua itanyesha, na ng'ombe wapelekwe wapi. Babu yake alikuwa bado akiota. Lakini tangu Wazungu waingie nchini hakuna aotaye tena, wala ndoto hazihitajiwi, kwa kuwa Mwingereza anajua kila kitu.

Jung aliyachukua maneno haya kuwa ushahidi wa elimu ya nafsi: kiongozi wa watu amenyang'anywa sauti ya Mungu wake, na mahali pake pamekaa Bwana DC. Mimi nayaona pia kuwa maneno ya siasa. Mwaka ule Kenya ilikuwa koloni kwa miaka mitano tu, kodi na kipande vimemshika mtu shingoni, na mzee yule aliulizwa siri zake na Mzungu aliyekuja na askari watatu wa serikali. Angeota, angemwambia?

Sasa nifike kwa Ibrahim. Huyu alikuwa Msomali, mrefu, mwembamba, ndiye msimamizi wa wapagazi, na alikuwa amelelewa katika njia ya masufi. Katika mazungumzo ya safarini aligundua kwamba bwana wake anajua habari za Qur'ani, akasema kuwa huyu ni mtu wa kitabu, bali kwa hakika ni Mwislamu. Jung aliliandika neno hilo kwa ngeli ya Kiswahili cha bara, akaweka "ya" pahala pa "wa", na watu wa Mvita watamsamehe. Ibrahim akamwambia kwamba mtu kama yeye aweza kukutana na Khidhri wakati wowote: njiani katika sura ya mtu, au usiku kama nuru nyeupe. Kisha akachuma unyasi mmoja, akitabasamu, akamwonyesha kwamba hata hivi aweza kuwa, maana Khidhri ndiye wa kijani. Akamsimulia yaliyompata mwenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alikosa kazi, akadhikika sana. Usiku mmoja akaota nuru nyeupe karibu na mlango, akajua ni Khidhri, akaruka ndotoni akamtolea salamu kwa adabu. Siku chache baadaye kampuni moja ya Nairobi ikamwajiri kuwa msimamizi wa safari.

Pale Elgon Jung alikuwa amepanda mlima kwenda kuambiwa na wazee kwamba ndoto zimekufa. Na kumbe chini ya hema lake mwenyewe, akipanga mizigo na kuchemsha maji, alikuwapo mtu aliyeota juzi juzi, ndoto ikamlisha.

Si haki kumpamba. Katika safari hiyo aliandika juu ya watu weusi kwa maneno ya bezo ambayo leo hayasomeki bila kuudhika, akiwaita washenzi na watoto wa historia. Alipoota kwamba kinyozi mweusi wa Marekani anazisokota nywele zake ziwe za kipilipili, alishtuka akaona ni onyo kuwa Afrika yataka kummeza. Na huko mpakani mwa Sudan, wenyeji walipompigia ngoma usiku hata ikapamba moto, aliingiwa na hofu, akawagawia sigara na viberiti waondoke. Walipokataa kuacha aliwatawanya kwa kuzungusha mjeledi wa kifaru huku akitukana kwa Kijerumani cha kwao. Mwenyewe aliyaandika hayo. Kwa hilo, angalau, hakuficha.

Walirejea kwao kwa mto Nili, Khartoum na Misri, mwaka 1926. Kazi ya chuo kikuu aliirudia mwaka 1933 aliposhika darasa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Zurich, na mwaka 1935 akapewa uprofesa. Harvard ilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1936, vyuo vikuu vitatu vya Bara Hindi mwaka 1938, na Oxford mwaka huo huo. Lakini miaka hiyo ndiyo iliyo na doa lake kubwa. Mwaka 1933 alikubali kuwa rais wa chama cha kimataifa cha waganga wa nafsi, ambacho tawi lake la Ujerumani lilikuwa mikononi mwa Wanazi, na mwaka 1934 akaandika mambo ya kulinganisha nafsi ya Myahudi na ya Mjerumani, wakati Wayahudi wanafukuzwa makazini. Watetezi wake husema aliushika uongozi ili kuwalinda wenzake wa Kiyahudi, na ni kweli aliwasaidia kadhaa. Alijiuzulu mwaka 1940. Mimi naona maneno yale hayakuwa na udhuru.

Na mwaka 1939 alifanya mambo mawili ambayo sijapata kuyapatanisha. Akizungumza London juu ya wazimu uliowapata Wajerumani, alimfananisha Hitler na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, na harakati zake akazifananisha na mwanzo wa Uislamu. Tusi hilo halina jina. Mwaka uo huo, huko Ascona, Uswisi, akatoa muhadhara mrefu wenye heshima juu ya Suratul Kahf: watu wa pangoni, Nabii Musa na kijana wake, samaki aliyeponyoka baharini, na yule mja mwema aliyetoboa jahazi, akamwua kijana na kuujenga ukuta. Kisa cha Ibrahim na unyasi wake kimo humo ndani. Miaka 14 ilikuwa imepita, na hakukisahau.

Kwa Jung, pango ni kilindi cha nafsi ambamo mtu huingia akatoka amegeuka, Musa ni akili yetu ya kila siku inayotaka sababu ya kila jambo, na Khidhri ni nafsi iliyo kuu kuliko akili, ambayo hutenda kwa hekima tusiyoiona mapema. Sisi tunaoisoma sura hii kila Ijumaa hatutakubali yaishie hapo. Jina la Khidhri halikutajwa katika Qur'ani, latoka katika hadithi, na wanazuoni wetu wamehitilafiana kama ni nabii au walii, na kama yu hai au alikufa. Lakini hakuna kati yao asemaye kwamba alikuwa ni picha ya moyoni mwa Musa. Hata hivyo nimesoma tafsiri nyingi za mabingwa wa Ulaya juu ya Qur'ani, wanaoihesabu maneno na kuitafutia ilikonakiliwa. Huyu aliisoma kama mtu anayetaka kujua imwambie nini. Alilitoa wapi? Si kwa baba yake, aliyekijua Kiarabu akakinyamazia.

Chuo Kikuu cha Basel, alikosomesha babu yake, kilimpa kiti cha uprofesa wa saikolojia ya utabibu, lakini alishikwa na maradhi ya moyo mwaka 1944, akakiacha karibu kabla ya kukikalia. Mkewe Emma alifariki mwaka 1955. Hapo ndipo Ruth Bailey, yule binti wa kwenye meli ya Wangoni, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na hakuolewa, alipokuja Küsnacht kumtunza. Aliifuata safari ya 1925 mpaka Elgon na Misri, na walikuwa wameandikiana barua miaka yote. Alikaa naye mpaka tarehe 6 Juni 1961, siku aliyofariki, akiwa na miaka 85.

Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka mwaka uliofuata. Safari ya Kenya na Uganda imepewa nafasi kubwa humo, na Mombasa sentensi chache tu: minazi, miembe, bandari, ngome, na treni inayoondoka kabla ya kiza.